Bulbaa Haishikiliwi na Rangi

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Jumamosi mbili zilizopita ukurasa wenu wa watoto uliwafundisha wasomaji jinsi ya kuongeza vipande vya kujitengenezea kwenye gari dogo la modeli: bulbaa (yale mabomba ya chuma ya kukinga mbele ya gari), taa za mbele, madigadi mapana. Wazo lenyewe nimelipenda, maana ni mara chache gazeti kukumbuka kwamba mtoto ana mikono. Lakini maelezo yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kushika tupa. Paka supa gluu, bandika, ikimwagika futa kwa pamba. Basi, yakaishia hapo.

Mjukuu wangu wa miaka 12 aliyafuata kama yalivyo, kwenye meza yangu, nami nimeshuka mjini kutafuta samaki. Niliporudi nilimkuta bombani amekinga kidole gumba. Supa gluu ikikutana na pamba haikauki tu, inapata moto, na tena kwa ghafla. Pamba ilitoa moshi mkononi mwake. Bahati alikuwa mwepesi wa kuitupa, kwa hiyo tuliondoka na wekundu wa siku mbili tu. Wapo watoto wanaofutia shati walilovaa, na shati la pamba ni pamba vilevile. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niandike, ila nikishashika kalamu siwezi kuacha mengine.

Mimi nimekuwa fundi wa bodi hapa Changamwe miaka 34. Nimenyoosha milango na kukata madigadi yaliyooza kwa chumvi ya bahari, na fila niliyopaka sina hesabu yake. Macho yaliponikatalia kazi ya rangi nikastaafu, na kijana wangu aliye Doha akaniletea seti ya plastiki ya Datsun 240Z, kipimo cha 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli. Gari zima ni sentimita 17 na kidogo. Alidhani ananipa kitu cha kupitishia wakati. Hakujua ananirudisha gereji.

Nimechagua kuigeuza iwe gari la Safari, yale mashindano ya magari ya Safari Rally, kwa sababu nimezaliwa Voi. Sisi watoto wa Voi wa miaka ya 1970 Pasaka ilikuwa na mambo mawili, kanisa na magari. Tulikaa kwenye tuta tangu alfajiri kungoja vumbi. Datsun nyekundu yenye boneti jeusi ukiiona mara moja huisahau. Gari hiyo ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka ambao yeye na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, walimaliza wakilingana alama, ushindi akapewa Mehta. Baadaye Mehta akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mjukuu wangu anaijua Safari ya Naivasha tu, hii iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na ya zamani anaisikia kama hadithi za sungura na fisi.

Ila seti yenyewe ni ya gari la mjini. Haina bulbaa, haina taa za ziada wala mpira wa kukinga matope. Lazima uvitengeneze, kisha uvifunge, na hapo penye kuvifunga ndipo ukurasa wenu ulipoteleza.

Nianze na bulbaa. Nilitumia spoku ya baiskeli. Spoku ina unene wa milimita 2, na ukizidisha mara 24 unapata milimita 48, karibu sawa kabisa na bomba la inchi mbili ambalo mafundi wa Nairobi walikuwa wakilikunja kwa magari ya kweli. Sikuamini nilipopiga hesabu hiyo. Chukua spoku ya kawaida ya kupakwa zinki, usichukue ile isiyoshika kutu, hiyo lehemu inaikataa. Kunja kwa koleo juu ya msumari mnene, unga kwa lehemu mbali na plastiki, halafu maungio uyapitishie tupa. Mpaka hapo ni saa mbili za kazi, na mtoto anaweza kuifanya akisimamiwa kwenye moto.

Sasa mjukuu aliichukua bulbaa hiyo akaibandika kwa supa gluu juu ya bampa ambalo nilikwisha kulipaka rangi. Ilishika. Ilipendeza hata. Siku ya pili aliigusa kwa mkono wa shati, ikaanguka, na nyuma yake imeambatana na kigamba cha rangi ukubwa wa ukucha. Nilimwonyesha kigamba hicho nikamuuliza, "Gundi imekosa nini hapa?"

Akaangalia. "Babu, gundi imeshika kabisa. Rangi ndiyo imeachia."

Ndivyo. Ni mchomeleaji gani anayechomelea juu ya rangi? Hata mwanafunzi wa wiki moja gerejini anajua kwanza unakwangua mpaka uone bati. Kwenye modeli ni vilevile: pale kipande kitakapokaa, kwangua rangi na praima, ile rangi ya kwanza ya chini, mpaka ufike plastiki yenyewe, paparuze kwa msasa nambari 400 ili pawe na mikwaruzo ya kushikia, ndipo ulete gundi.

Na hata hivyo gundi peke yake haitoshi kwa kitu kilichochomoza kama bulbaa. Kinahitaji pini. Mimi nina keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, sindano yake milimita 0.8. Natoboa nyuma ya kipande, natoboa mahali kinapokwenda, naingiza kipande cha kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Pini ndiyo inayobeba uzito, gundi inazuia tu isitoke. Namna ya kupata matundu yakutane: weka pini kwenye kipande kwanza, ncha yake iguse rangi mbichi kidogo, ikandamize mahali pake, itaacha doa. Toboa kwenye doa. Ujanja huu niliutumia miaka mingi kwa bodi za kweli, tofauti ni kwamba pale nilichovya bolti kwenye grisi.

Kuna kosa jingine kwenye picha yenu, nalo liliniudhi zaidi kwa sababu linaonekana kama jambo dogo. Mmeifunga bulbaa kwenye bampa. Bulbaa ya kweli inafungwa kwenye chasisi, la sivyo ukigonga ng'ombe inakuja na bampa lake ndani ya rediata. Kwenye modeli hii bodi na chasisi ni vitu viwili vinavyopachikana, unaweza kuvitenganisha hata baada ya kumaliza. Ukigundisha bulbaa ikashika vyote viwili, umelifunga gari milele, na siku gurudumu likichomoka ndani huna pa kuingilia. Mimi nimeziacha spoku mbili zipite chini ya bampa bila kuligusa, zikaingia kwenye matundu ya chasisi. Kuinua bodi ni sekunde moja.

Madigadi yalikuwa ugomvi wa nyumbani. Mimi nataka gari la Mehta, mjukuu anataka madigadi mapana kama ya vijana wanaopita hapa usiku na muziki. Tukaelewana, gari ni letu wawili. Kijana mmoja wa Tudor mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki alitutolea vinne. Mtoto akaleta gundi yangu ya plastiki, ile ya majimaji yenye brashi kwenye kifuniko, akapaka, akashikilia dakika tano. Kikaanguka. Akapaka tena. Kikaanguka.

Gundi ile haibandiki, inayeyusha. Inalainisha polistairini, plastiki ya seti hii, ya pande zote mbili mpaka zichanganyike ziwe kitu kimoja, kama kuchomelea. Lakini vipande vya mashine ya kuchapa si polistairini, wala vya resini ya kumimina, wala bodi ya bati la kigari cha dukani. Hivyo vyote havimjui huyu bwana. Huko unahitaji supa gluu kidogo sana, au Araldite ya kuchanganya mirija miwili, ambayo inakupa muda wa kusogeza na kurekebisha. Na kama kipande ni cha resini, kioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa kinatoka kwenye kalibu na mafuta yasiyoonekana yanayokataa gundi na rangi pia. Ukikipiga msasa, upige ukiwa na maji, vumbi lake si la kuvuta.

Kabla ya gundi ya aina yoyote, vishike vipande kwa tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, tia magurudumu, lishushe gari mezani. Mimi mwenyewe, fundi wa miaka 34, nilijisahau hapa. Nilifunga digadi la mbele kushoto likakaa kama limezaliwa pale, nikajisifu, nikaweka gurudumu, halizunguki. Linagusa ndani. Mjukuu alicheka mpaka bibi yake akaja kuuliza kuna nini. Nililikata kwa wembe nikaanza upya. Ili kulia kufanane na kushoto, nakata kipimo cha karatasi ngumu kwa upande mmoja, kisha nakigeuza kwa upande wa pili. Usiamini jicho, jicho la mwenye kazi linapendelea.

Ufa unaobaki kati ya digadi na bodi unazibwa kwa fila. Fila ya gereji ya kuchanganya na hadina inafaa ukipaka nyembamba. Tahadhari ni kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mara ya kwanza nilifuta bodi kwa tina ya gereji kwa mazoea, kama nilivyofuta magari elfu, na paa likalainika kama ugali uliozidi maji. Alama za vidole vyangu zipo hadi leo chini ya rangi. Praima ya kopo la kupuliza nayo ina tina hiyohiyo ndani, kwa hiyo puliza kwa mbali, ukungu mwepesi, ngoja ukauke, rudia. Ukilowesha umekwisha.

Na vioo. Ukurasa wenu haukusema neno kuhusu vioo. Mvuke wa supa gluu ukikauka ndani ya gari unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na kuufuta kwa asetoni ni kuondoa kioo chenyewe, maana asetoni inakula polistairini. Vioo vyetu vya mbele na nyuma sasa vinaonekana kama vya gari lililolala kwenye baridi ya Limuru. Tia vioo mwisho kabisa, gundi nyingine ikishakauka, na utumie gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani.

Mipira ya matope nilijaribu kwanza tyubu ya baiskeli. Ina unene karibu milimita moja, yaani kwenye gari la kweli ni mpira wa sentimita mbili na nusu! Nikaitupa nikakata puto jeusi. Linaning'inia vizuri na linatikisika ukipuliza.

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho kwenye ukurasa uleule wa watoto, kwa maandishi ya ukubwa uleule, na la pamba litangulie. Pia waambieni kwamba vidole vikishikana havivutwi kwa nguvu. Vinaloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kusokotwa polepole mpaka viachane. Mkipenda, mwandishi wa ukurasa huo aje Changamwe siku yoyote baada ya alasiri, kiti kipo na kahawa ipo, na mjukuu atamwonyesha kigamba cha rangi. Amekihifadhi kwenye kiberiti.

Gari lenyewe linakaribia kwisha. Limebaki jambo la taa za mbele. Ni nne, za milimita 8 kila moja, na kioo chake tunakata kutoka kwenye vifuko vya plastiki vya vidonge, vile vyenye tumbo la mviringo, nyuma tunaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya biskuti. Tatu zimeshafungwa. Ya nne inangoja mke wangu amalize dawa zake za presha, na amekataa katakata kumeza kabla ya saa yake.

Fundi wa bodi mstaafu,
Changamwe, Mombasa