Mlango tulioubamiza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza filamu ya yule askari mwenye kiwewe cha vita imefikia wapi. Tumemaliza kurekodi juzi, nami usingizi haujanirudia.

Unajua kazi yangu ni sauti. Mwanzoni nilikusanya milio ya bunduki, mabomu na helikopta, nikidhani kiwewe cha vita ndicho hicho. Halafu akaja mshauri wetu, mwanajeshi mstaafu, mzee asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza tu alihamisha kiti chake, mgongo ukutani, mlango auone. Mwigizaji wetu akamtazama. Kesho yake akafanya vilevile mbele ya kamera bila kuambiwa na mtu.

Risasi baridi, zile za mlio tu zisizojeruhi, tulikuwa tukizitangaza kwanza, kila mtu akaziba masikio. Hiyo ni kanuni. Lakini mlango, nani hutangaza mlango? Nilitaka kishindo chake, nikamwambia kijana aubamize. Mzee alikuwa anakunywa chai. Hakupiga kelele wala hakujitupa chini. Alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe, macho yako wazi lakini hayupo nasi, chai inamchuruzika mapajani na yeye haisikii. Mwongozaji alimwita jina taratibu, akamtajia mahali tulipo na siku ya leo, tena na tena, mpaka akarudi.

Nilimwomba radhi. Akaniuliza tu kama sauti niliyoitaka nimeipata.

Usiku ule nilisoma habari za askari 306 wa Uingereza na himaya yake waliouawa na jeshi lao wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa makosa kama kutoroka na woga, wakasamehewa mwaka 2006. Nikawaza ni wangapi walikuwa wagonjwa tu, kama huyu mzee, ila hapakuwa na wa kuwaita jina taratibu. Inaniuma sana.

Basi nimeondoa karibu milio yote ya bunduki. Kimebaki kijiko kwenye kikombe, pumzi zake, na kitasa kinachogeuka. Mhariri anahofia watazamaji watachoshwa na ukimya. Mimi sikubaliani naye, na nitaupigania.

Wiki ijayo mzee anakuja kuitazama. Nimemwandikia kila sauti kubwa na dakika yake, asishtukizwe tena. Njoo nawe, tafadhali. Ila ukiingia, mlango urudishe polepole.

Rafiki yako daima