Mlete tu Neema

Nkuhungu, Dodoma
Julai 6

Mama Neema,

Hujambo shoga? Sisi wazima, ila upepo wa mwezi huu hautuachi. Vumbi mpaka kwenye chai.

Umeniuliza kama Neema ataiweza kozi yetu ya likizo ya sayansi ya kompyuta, maana hajawahi hata kushika mausi. Nani kakwambia tunaanzia kwenye mausi? Kompyuta zenyewe ziko tisa, na moja tunawekea madaftari juu yake.

Jumatatu umeme ulikatika kabla hata sijaita majina. Nikamwaga vizibo vya soda mezani. Kizibo kikilala kifudifudi ni sifuri, kikilala chali ni moja. Panga vinane, vyote kifudifudi: cha kulia kabisa thamani yake 1, cha pili 2, kisha 4, 8, kila kimoja mara mbili ya jirani yake, hadi 128. Kwa kompyuta herufi A ni 65, basi unapindua cha 64 na cha 1, imetosha. Binti mmoja, mkimya huyo, akapanga jina lake lote, ASHA, vizibo 32. Mwenzake akapitisha kiwiko, kizibo cha mwisho cha H kikapinduka. H ni 72. Ikawa 73, ambayo ni I. Asha akawa Asia! Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya nusu saa kuhusu jambo hilohilo, nikayakunja.

Umeme uliporudi tukaingia kwenye Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, na hapo ndipo wanapolia. Kijana mmoja aliandika agizo la kuonyesha maneno, Print, kwa P kubwa, ikamkatalia, kwa kuwa yenyewe inaijua print ya herufi ndogo tu. Akarudia mara nne, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa mtu kiziwi. Na huyo kwao kompyuta ipo! Neema anayekokotoa chenji ya genge kichwani simhofii hata kidogo.

Apande basi la asubuhi kutoka Singida Jumapili, nitampokea stendi ya Nanenane. Atalala na wanangu. Aje na sweta.

Na vizibo vya pale dukani kwako usivitupe, mpe aje navyo. Hivi vyangu watoto wanaondoka navyo mfukoni.

Wako,
Mama Juma