Harambee ya njia yetu, Sinza: taa, mtaro na nafasi ya gari la zimamoto kupita

Majirani zetu, wenye nyumba na wapangaji, wenye fremu, mama ntilie wa pale kona, vijana wa kijiweni, nanyi mliokulia hapa mkahamia kwingine: salaam.

Mliokuwepo hamjausahau usiku ule wa masika. Saa saba usiku mtungi wa gesi ulivuja jikoni, nyumba ya tatu kutoka mwisho wa njia. Moto ukashika pazia, ukapanda darini. Tulipiga 114 na zimamoto walikuja. Walichoshindwa ni kuingia. Magari yalikuwa yamepangwa pande zote mbili, kioo kikitazamana na kioo, ikabidi askari waliache gari lao kwenye mdomo wa njia na kuvuta mipira ya maji kwa miguu. Vijana wa kijiweni walikamata gari dogo kwa mikono, wakalinyanyua na kulibana ukutani ili watu wapite. Bibi yetu alitolewa amefunikwa shuka lililolowa, mzima, tunamshukuru Mungu. Vyumba viwili viliteketea.

Gari lililonyanyuliwa lilikuwa langu. Nilikuwa naliegesha pale kila usiku kwa miaka sita na hakuna aliyewahi kunisemesha, maana kila mtu aliegesha hivyohivyo. Nilipoombwa kuwa katibu wa kamati hii ya wakazi, nilikubali kwa sababu ya usiku ule.

Wiki iliyofuata tulichukua futi ya fundi tukapima. Kutoka ukuta hadi ukingo wa mtaro, njia yetu ina mita tano na nusu. Gari dogo la kawaida lina upana unaokaribia mita 1.7. Ukiweka moja kila upande, katikati inabaki mita mbili na kidogo tu, na gari la zimamoto linahitaji mita mbili na nusu hata kabla dereva hajafikiria kukata kona. Magari yakikaa upande mmoja, inabaki nafasi ya karibu mita nne. Hesabu yenyewe ni hiyo, na mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Tusilaumiane kupita kiasi. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Viwanja vilikatwa vidogo ili watu wa kipato cha chini waweze kujijengea, na njia za ndani zikawa nyembamba. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja uzio mmoja utakuwa na familia tano na magari matatu, bodaboda mbili na bajaji ya mpangaji wa chumba cha uani. Njia ni ileile waliyotuachia wazee. Tuliobadilika ni sisi, na tunaweza kupangana upya.

Tumeshaanza yale yasiyohitaji fedha. Kwenye mkutano wa mtaa tulikubaliana magari yalale upande wa kushoto tu, ukiwa unatoka barabara kubwa. Mwenye kiwanja kilicho wazi kule mwisho ametukubalia magari yaliyokosa nafasi yalale kwake, kwa sharti kwamba tumsafishie na tumwekee taa. Wapo waliotaka tumwage zege la matuta usiku mmoja mambo yaishe. Kamati imekataa. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na tuta lililowekwa kienyeji linaweza kumwangusha mwenye bodaboda gizani. Barua ya kuomba kibali cha michoro na vibao tumeipitisha ofisi ya serikali ya mtaa, na rangi haitashika lami kabla ya jibu.

Sasa mtaro, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndio unaotuumiza kila siku wakati moto ulitutembelea mara moja. Mifuniko ya chuma iliondoka mmoja baada ya mwingine, ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mashimo yaliyobaki tumeyaziba kwa mbao, matairi na mawe. Mvua ikinyesha maji yanapanda juu ya njia na huwezi kujua ardhi inaishia wapi. Mwaka jana binti wa jirani, wa darasa la pili, alitumbukia akitoka shule, akatoka amevunjika mkono. Mama mmoja anayeuza vitumbua alfajiri ananiambia anatembea akigusagusa mbele kwa fimbo, na bado ana nguvu zake, si mzee. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na majembe na mafagio tunazibua, lakini mtaro usio na mfuniko hujaa tena kabla ya wiki kuisha, maana kila mpita njia anauona ni jalala.

Tutaweka mifuniko ya zege, ambayo haina bei kwa muuza chuma chakavu. Fundi wetu ataimwagia hapahapa mtaani, na kila mfuniko utakuwa na matundu mawili ya kunyanyulia ili siku za usafi tusiupasue.

Mifuniko inayohitajika ni 60, kila mmoja shilingi 35,000 pamoja na ufundi, jumla milioni 2.1. Taa za sola ni 12 na nguzo zake, milioni 4.2, mbili kati ya hizo zitakaa kwenye kile kiwanja cha magari. Rangi na vibao ni laki tisa. Mitungi sita ya kuzimia moto, itakayowekwa kwenye nyumba ambazo daima zina mtu, ni 720,000. Makoti ya kung'aa, tochi na filimbi za vijana wa ulinzi shirikishi ni 480,000. Zote kwa pamoja ni shilingi 8,400,000. Kikao cha kwanza kilichanga 2,350,000, hivyo tunatafuta 6,050,000.

Tuko kaya 210. Kila kaya ikitoa 20,000 tunapata 4,200,000, na kiasi kinachosalia tunawaomba wenye fremu, wenye nyumba wasioishi hapa, na watoto wa Sinza walio mbali, wa Mwanza na wa Muscat pia. Asiyeweza kutoa yote kwa mara moja atoe kwa awamu nne. Asiye na fedha kabisa aje na nguvu zake, kwani kuna kokoto za kubeba na mashimo ya nguzo ya kuchimba. Mpangaji asiseme nyumba si yake. Binti aliyevunjika mkono ni wa mpangaji.

Fedha zinapokelewa na mweka hazina kwa risiti, au kwa namba ya kikundi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Usitume kwenye namba utakayopewa na mtu njiani, hata akitaja jina langu. Kila Jumapili jioni tutabandika hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichonunuliwa, pamoja na stakabadhi za dukani. Asiyetaka jina lake lionekane aseme, tutaandika "jirani". Tungependa mifuniko iwe imekauka kabla ya mvua za vuli, na zege linataka wiki kadhaa za kumwagiwa maji, kwa hiyo tusivutane sana na tarehe.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, kwenye kile kiwanja cha mwisho wa njia. Bibi yetu amesema atakuja, na ameomba akae mbele. Vijana watakuwepo kuanzia saa nane kuwaonyesha wenye magari pa kuegesha, upande wa kushoto tu. Viti tulivyopata havitoshi, kwa hiyo mwenye stuli au mkeka aje nao.