Kwa walimu wa sekondari za Dodoma: mtafuteni fundi kabla ya kupiga mhuri

Walimu wangu, mbukwenyi.

Nawaandikia ninyi mnaohangaika kuwatafutia wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne mahali pa kujifunzia kazi wakati wa likizo: walimu wa unasihi, walimu wa fani, na wakuu wa shule ambao bila saini zenu hakuna kinachotoka. Mimi ni fundi magari mstaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa pili wa barua zenu, yule anayeitwa kutoka uvunguni mwa gari aambiwe, "Fundi, kuna watoto wa shule getini, wana barua." Nisikilizeni basi kama mpokeaji.

Tangu mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ujuzi wa kazi, uingie sekondari chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, kila kikao ni ujuzi, ujuzi. Ni vizuri. Ila nikiangalia namna mnavyotafuta nafasi, naona mnaanzia mwisho. Mnachapa barua, mnapiga mhuri, mnazisambaza mji mzima, kisha mnakaa kungoja majibu. Ushauri wangu ni mgeuze. Mtafuteni kwanza mtu atakayesimama na mtoto, kubalianeni naye atampa kazi gani, halafu barua ije kuthibitisha yale yaliyokwisha kukubaliwa.

Najua mji wetu una kishawishi chake. Toka Serikali ihamie hapa, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 26, 2018, macho ya wazazi wengi yako Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mzazi anataka picha ya mtoto mbele ya jengo la wizara, aitume kwenye kundi la ukoo. Haya, barua inafika masjala, inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaingia kwenye jalada, inapanda ngazi, inashuka. Mtoto akikubaliwa anakuta maofisa wana kazi zao, na nyingi ni za majalada ambayo mtoto wa kidato cha tatu hapaswi kuyafungua. Anawekwa mapokezi. Wiki ya kwanza anatoa fotokopi, wiki ya pili anatumwa chai. Simlaumu ofisa, hakuna aliyemwambia ampe nini. Ofisi nazo zina mahali pa kujifunzia, kwa mfano masjala penyewe, kama mtunza kumbukumbu ameombwa yeye mwenyewe na amekubali. Lakini mkiniuliza mimi, nendeni kwanza karakana za Kizota, steshenari, maduka ya vipuri, famasi, nyumba za wageni, wafanyabiashara wa nafaka Majengo. Huko mwenye kazi mnamkuta amesimama mlangoni.

Na mkimkuta, msianze na "tunaomba utupokelee wanafunzi." Hiyo anaisikia kama mzigo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwambieni atapona nini.

Nitatoa mfano wa gereji, ndiko nilikoishi. Fundi wa kawaida mikono yake ni dhahabu, ila kuandika hapendi. Gari linaingia asubuhi, mwenye gari anasema, "Linavuta kushoto nikikanyaga breki, halafu kuna mlio huku mbele." Fundi anaitikia, anaweka kichwani, magari mengine matatu yanaingia. Jioni mteja anakuja, mlio haujaguswa. Ugomvi. Mteja mwingine anadai aliacha mafuta nusu tangi na sasa ni robo. Ugomvi tena. Sasa mpe fundi huyu mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka na daftari la kaunta. Kila gari likiingia anaandika tarehe, namba ya usajili, kilomita zilizosomeka, mshale wa mafuta uko wapi, mikwaruzo iliyokuwepo, na maneno ya mteja kama alivyoyasema. Kazi ikiisha anaandika kilichofunguliwa, kifaa kilichobadilishwa, bei yake na risiti iko wapi. Baada ya siku chache fundi ndiye anayemuuliza mtoto, "Ile Noah ya juzi tulibadilisha pedi za mbele au za nyuma?"

Tazameni mtoto amepata nini hapo. Amesikiliza wateja, amejua majina ya vifaa na kazi zake, ameona tatizo linavyotoka kwenye maneno ya mwenye gari mpaka kwenye pedi iliyolika. Na kwa kuwa ana sababu ya kusimama karibu, fundi atamwita mwenyewe: "Njoo uone hii." Huo mwito hamwezi kuuandika kwenye barua yoyote, lakini mnaweza kuutengenezea njia.

Kila mahali pana daftari lake. Kwenye mashine ya kukamua alizeti, mtoto apime magunia yanayoingia, aandike kilo, lita za mafuta zilizotoka na mashudu yaliyobaki. Hesabu za uwiano alizozikimbia darasani zitamkuta huko. Famasi hatatoa dawa kwa mgonjwa hata moja, ila anaweza kupanga rafu ili zinazokaribia kuisha muda zikae mbele, na kuhesabu stoo na mwenye duka.

Hapa nikaze sauti kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumvurugia masomo. Aliye chini ya 18 asiajiriwe mgodini, kiwandani wala mahali pengine penye hatari. Na pale mafunzo yanaporuhusiwa, afya, usalama na maadili yake lazima vilindwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Basi mwalimu asikae kwenye kiti cha mgeni akinywa soda. Azunguke. Aulize kizima moto kiko wapi, sanduku la huduma ya kwanza lina nini ndani, choo kikoje. Kisha waelewane kwa maandishi vitu ambavyo mtoto hatafanya: haingii chini ya gari lililonyanyuliwa, hachomelei, hashiki maji ya betri, hasogelei mikanda ya mashine ikizunguka, hatumwi benki na pesa za watu. Mwenye gereji makini hatachukia. Akichukia, ondokeni, hata kama hapo ndipo karibu na shule.

Mabinti msiwapeleke mmoja mmoja. Wawe wawili, mahali penye mwanamke mtu mzima anayefanya kazi hapohapo, na wawe na namba ya mwalimu ambayo inapokelewa. Saa ya kutoka iandikwe, na iwe mapema. Mnajua kutoka Nala au Ihumwa kurudi mjini si jambo la dakika tano.

Nauli na chakula. Jambo dogo hili ndilo linalovunja mipango mingi. Mzazi anadhani mwenye kazi atatoa, mwenye kazi anadhani shule imetoa, mtoto anashinda na karanga za kuchoma. Isitoshe, likizo na bila sare, konda hakubali kwamba wewe ni mwanafunzi. Mpeni kitambulisho na barua yenye tarehe, na kama mzazi hana uwezo, mtafutieni mtoto mahali pa kwenda kwa miguu. Msimwambie mtoto kwamba atalipwa. Na mwenye kazi naye msimwache ageuze mafunzo kuwa kibarua cha bure. Akimbebesha matofali siku nzima, hiyo si elimu na ujira wake unajulikana.

Kuhusu kalenda, shirikianeni na wenyeji. Nimesikia shule ikiwaahidi watoto kwamba likizo ya Juni watakwenda Hombolo kuvuna zabibu. Zabibu zetu huvunwa Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Juni mtakwenda kuangalia majani. Juni ni ya alizeti na mahindi: mashine zinanguruma, soko la nafaka la Kibaigwa limejaa, mizani haipumziki. Mkitaka zabibu, ombeni siku moja ya Agosti, watoto waone sukari iliyo ndani ya zabibu inavyopimwa kabla hazijapokelewa kiwandani.

Mtoto akishaenda, mfuateni mapema, siku ya tatu au ya nne. Mkingoja siku ya mwisho mtakuta mambo yameshaharibika na kila mtu anatabasamu. Na ile fomu ya tathmini ya kurasa nne, ya Kiingereza, iacheni shuleni. Fundi akiiona anaweka vema kila mahali ili arudi kwenye injini yake. Muulizeni kwa mdomo: anakuja saa ngapi, umemwachia kazi gani afanye peke yake, ungempokea tena? Swali la tatu linatosha kuwaambia mengi. Mtoto naye muulizeni peke yake, mbali na fundi.

Msiwasahau waliomaliza kidato cha nne. Mtihani wanafanya Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi yote hiyo vijana wamekaa vijiweni na simu. Aliyefanya vizuri likizo ya kidato cha tatu, fundi yuleyule atamchukua tena kwa urahisi, maana hahitaji kumfundisha upya spana namba 12 na 14.

Ombi langu kwa wakuu wa shule: majina ya waliokubali, kazi walizotoa, namba zao, nani alikwenda kwao na ilikuwaje, viandikwe kwenye daftari linalokaa ofisi ya taaluma. Hivi sasa vimo kwenye simu ya mwalimu mmoja, na siku akihamishiwa Mpwapwa au Kondoa, shule inarudi getini kwetu na barua mpya kana kwamba hatujawahi kuonana.

Wenu,
Mzee fundi mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma