Mwezi Umeandama: Salamu za Idd kutoka Ujiji

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi na Katonga, na nyinyi mlio mbali ambao mkisema nyumbani bado mnamaanisha Kigoma: Idd Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum. Majirani zetu Wakristo mliotupisha kisimani saa za magharibi ili tuwahi kufuturu, sikukuu hii ni yenu pia. Milango iko wazi, msisubiri kuitwa.

Naandika usiku wa kuamkia Idd. Mchele umeshachambuliwa, nyama imekolea viungo, na wajukuu wamelala baada ya kutundika nguo zao mpya mahali watakapoziona wakifumbua macho tu. Mwezi tuliuona magharibi, mwembamba kama ukucha, ukazama haraka. Sasa ni giza, na huko ziwani taa za wavuvi zimejipanga kana kwamba kuna mji mwingine juu ya maji.

Anayelijua ziwa letu anajua kwa nini. Dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazifui dafu, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Giza likirudi, kazi inarudi. Na Idd, kwa kuwa inakuja na mwezi mwandamo, kila mwaka inaangukia kwenye giza, katika siku za riziki. Kwa hiyo usiku huu ambao mtoto mmoja anahesabu saa avae nguo mpya, mwenzake wa darasa la tano ameitwa akakumbe maji mtumbwini na kuvuta kamba. Alfajiri atapewa fungu lake la dagaa, aende nalo kwa mama yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Uvuvi wa dagaa wote umo ndani ya saa hizo. Lakini simlaumu mama anayemwacha mwanawe aende. Nimekaa jikoni kwake, nimeiona sufuria yake. Mwaka 2024, uvuvi ziwani ulipositishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, baadhi ya watoto wetu walirudi darasani kila siku, ila walikuja na njaa. Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba watoto hawa wanapenda ziwa kuliko shule.

Wengi wenu mnakijua kikundi chetu cha walezi. Kila mtoto tunayempokea, wa kike au wa kiume, tunamtafutia mtu mzima mmoja atakayekutana naye kila Alhamisi saa 10 jioni, chini ya mwembe, mbele ya macho ya watu. Wanazungumza, wanafanya hesabu, wengine wanacheza bao tu. Kwa mtu anayepita njiani haionekani kama kazi. Mimi natunza daftari la mahudhurio, na leo nataka niwaeleze jambo moja lililomo kwenye daftari hilo, ingawa linaniuma.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka 12. Jina lake nalihifadhi. Baba yake alishafariki, mama yake anauza mihogo. Tukampa mlezi, kijana mwenye elimu na roho nzuri. Wakakutana mara tatu. Kisha kijana akapata uhamisho wa kazi, akapanda treni akaondoka. Alidhani sisi tutamwambia mtoto. Sisi tukadhani yeye ameshaaga. Alhamisi tatu mfululizo yule mtoto alikuja chini ya mwembe, daftari lake la hisabati amelizungushia nailoni lisilowe mvua, akakaa mpaka giza linaingia. Nilimkuta Alhamisi ya tatu. Akaniuliza, "Mama mdogo, kwani nilimkosea nini?"

Sikuwa na jibu. Alhamisi ya nne hakuja.

Shuleni nako akaanza kukosekana. Asubuhi ya Idd ya mwaka ule, baada ya swala, nilipanda bodaboda hadi Kibirizi kumtafuta. Nilimkuta amelala juu ya nyavu, jua limeshapanda, magamba yamemkaukia kwenye vidole na viganja vimechubuka kwa kamba. Pembeni ya kichwa chake kulikuwa na kikombe cha plastiki. Ndani yake alikuwa ameikunja kofia yake nyeupe ya sikukuu, isiguswe na maji. Alikwenda nayo ziwani usiku kucha akitumaini kurudi mapema na kuwahi swala.

Kosa lilikuwa letu, na nimeliandika daftarini kama kosa letu.

Baadaye nilisoma habari za wenzetu wa mbali walioianza kazi hii zamani. Mwaka 1904, New York huko Marekani, karani wa mahakama ya watoto aitwaye Ernest Coulter alichoka kuona wavulana wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine, akawaomba wanaume wa mji ule kila mmoja awe kaka mkubwa wa mvulana mmoja. Kutokana na mwito huo ikakua jumuiya kubwa ya walezi wa kujitolea, na mwaka 1995 ukatolewa utafiti juu ya vijana wake 959 wenye umri wa miaka 10 hadi 16. Waliokuwa na mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri kupewa, na utoro wa shule ulikuwa pungufu kwa asilimia 52. Nilifurahi sana. Kisha nikasoma utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa mwaka 2002, nikakaa kimya. Wao waliangalia muda. Waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika kuliko wote. Walioachwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kujithamini kwao kulishuka. Yaani mlezi anayekuja kidogo akapotea anaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko alivyomkuta. Nikamkumbuka wetu na daftari lake la nailoni.

Tumebadilisha utaratibu. Sasa hatumpi mtu mtoto mpaka serikali ya mtaa na majirani zake wamueleze alivyo, na mpaka atamke mbele yetu kwamba atakuwepo mwaka mzima. Akilazimika kuondoka, anakuja mwenyewe kuaga, na anayempokea mtoto anakuwa amekaa hapohapo. Yule mtoto tulimrudia, tukamwomba radhi, tukamkutanisha na fundi seremala wa Gungu. Mzee hana maneno mengi. Walianza kwa kupiga randa vipande vya mbao, hata hawaongei. Bado kuna usiku anakwenda ziwani, sitawadanganya. Hisabati bado inampa taabu. Lakini Alhamisi hakosi, na akikosa, fundi anafunga karakana na kwenda kumtafuta.

Kwa nini nayasema haya usiku wa furaha? Kwa sababu kesho mtatoa. Watu wa Kigoma mnatoa, hilo nimeliona miaka yote. Zakatul fitri imeshatoka, pishi kwa kila kichwa, vibaba vinne vya mchele au mahindi, ili asiwepo wa kuomba siku ya sikukuu. Kesho watoto watapita mlango kwa mlango kupewa mkono wa Idd. Wapo pia watakaokuja na sinia za pilau kwa watoto wetu na kupiga nao picha. Allah awalipe, pilau italiwa yote. Ila picha naomba msipige. Mtoto hapendi kukumbukwa na shule nzima kama yule aliyepewa sahani.

Ninachowaomba ni cha baada ya kesho. Wazee wetu wa pwani walituachia hesabu ya miezi ambayo vijana wengi wameisahau: kesho ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Mwaka mzima umehesabiwa kuanzia siku tulipofungua kinywa. Chagueni kiasi kidogo ambacho hakitawaumiza, mkitoe kila mwezi unapoandama, toka Mfunguo Mosi hadi Ramadhani ijayo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kidogo hicho ndicho kinachomlipia mlezi nauli ya bodaboda mvua ikinyesha, ndicho kinachonunua sare na madaftari, maana ada ilifutwa mwaka 2016 lakini sare haikufutwa. Ndicho pia kinachompa mama wa mtoto unga kwenye siku za giza, ili siku akimwambia mwanawe "leo usiende" awe na cha kuweka jikoni.

Na asiye na fedha ana Alhamisi. Tuna watoto wanaosubiri walezi, wasichana wengi kuliko wavulana safari hii, na akina mama mnaojitokeza ni wachache. Huhitaji elimu kubwa. Zamani msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima asiye mama yake, wa kumwendea na yale asiyoweza kuyasema nyumbani. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, tumeibadilisha mahali tu. Mkiona mtoto yeyote anayeumizwa au kutumikishwa, msisubiri Alhamisi: piga 116, simu ya mtoto, haina malipo, au mwendeeni afisa ustawi wa jamii.

Kesho baada ya swala nitapitia Kibirizi kwanza, kabla ya kula. Fundi amesema tutakwenda pamoja. Amemshonesha kijana wake kanzu, tena ameitaka ndefu kidogo, maana anasema mtoto bado anakua na itamfaa mpaka Idd ya mwakani.

Alhamisi ya kwanza ya Mfunguo Mosi tunakutana mwembeni saa 10 jioni kama kawaida. Kullu aam wa antum bikhair. Idd Mubarak kwenu na kwa mliowaacha nyumbani.