Salamu za Pasaka kutoka Bagamoyo: tusikawie kuzitimiza nadhiri zetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia yangu nawatakia heri, amani na baraka tele za Sikukuu ya Ufufuko wa Bwana wetu. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima, ingawa tumeivuka kwa shida: sukari na mafuta ya kula havishikiki, nauli imepanda, na wapo ambao mwaka huu mfungo wao haukuanza Jumatano ya Majivu wala hautakwisha Jumapili.

Usiku wa Mkesha, mishumaa ikiwa mikononi, tutaulizwa tena kama tunamkataa Shetani, mambo yake yote na fahari zake zote, nasi tutaitikia kwa sauti kubwa. Naomba mwaka huu tuitikie tukijua tunachokisema, kwa maana mimi ninayewaandikia niliwahi kumwahidi Mungu jambo nikalikawiza.

Miaka mitatu iliyopita, tukirudi kutoka Unguja, tanga lilichanika, mashua ikaanza kujaa maji. Nilimwahidi Mungu kwamba nikikanyaga mchanga wa Bagamoyo, kabla sijafika kwangu nitapita kwa kaka yangu mkubwa, ambaye tulikuwa hatusemeshani kwa sababu ya minazi aliyotuachia baba. Tulifika usiku, nguo zikichuruzika maji, nikajiambia nitakwenda asubuhi. Asubuhi nikaona haya, kisha ikaja masika, kisha nikakosa nauli, na Novemba iliyopita kaka akafariki. Majirani zetu Waislamu, ambao nao wanaujua uzito wa nadhiri, walilibeba jeneza pamoja nasi, nami nilishindwa kuwatazama machoni.

Baada ya arobaini, shemeji aliniita uani akanionyesha gunia. Kila walipoangua nazi, marehemu alitenga fungu langu akisema, "Hizi ni za mdogo wangu, atakuja mwenyewe kuzichukua." Za chini zilikuwa zimekwisha kuota.

Kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 5, kinatuonya kwamba ni afadhali kutokuweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa, yaani kutoitimiza. Hana, mama yake nabii Samweli, aliomba mtoto kwa machozi akaweka nadhiri ya kumtoa kwa Bwana, na alipomwachisha Samweli ziwa alimpeleka mwenyewe Shilo, kwenye nyumba ya Bwana. Hakungoja mtoto akue wala hali iwe nzuri. Hapa kwetu, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walikuwa wameweka nadhiri za ufukara, usafi wa moyo na utii, na ukipita kwenye makaburi yao pale misheni utaona ni wangapi walikufa wangali vijana, mbali na mama zao, wakiwa ndani ya nadhiri hizo. Ninyi mlioahidiana altareni, tunzeni ahadi hiyo hata mfuko ukiwa mtupu. Wasimamizi wa ubatizo, mnawajua watoto wenu wa ubatizo wanasali wapi leo? Na mliosema kitandani hospitalini, "Bwana, nikipona," mmekwisha pona, nendeni. Mwenye nadhiri ambayo kweli imemshinda amwendee paroko, kwa maana Kanisa lina njia ya kumfungua nadhiri hiyo au kumbadilishia, kuliko kuificha moyoni ikamla. Na aliyegombana na ndugu yake akumbuke kwamba Bwana mwenyewe alituamuru tuiache sadaka mbele ya madhabahu, tukapatane kwanza. Hakusema tukapatane sikukuu ijayo.

Tunawaombea marehemu wetu wote pumziko la milele, wagonjwa wapate nafuu, na wavuvi wetu warudi salama pwani.

Kwako shemeji: nazi zile zilizoota nimezipanda kwenye shamba la baba, upande wa watoto wako. Jumatatu ya Pasaka, baada ya Misa, nitafika kwako na familia yangu yote. Usihangaike kupika, tutakuja na kila kitu.

Kristo amefufuka. Aleluya.