Barua kwa rafiki aliyenuniwa na seva

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale uliposema programu yako haiungani na hifadhidata, seva imekununia siku tatu. Haijakununia. Imekujibu kila mara, ila hukuisikiliza.

Umeandika kwamba unaambiwa muunganisho umekataliwa. Shukuru. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi maana yake programu imeifikia kompyuta yenyewe, ila kwenye ile poti, yaani namba ya mlango wa kompyuta, hapakuwa na wa kuitika. Ungesubiri weee, kisha ukaambiwa muda umekwisha, ningekwambia utafute ukuta wa usalama unaomeza maombi yako kimyakimya. Na siku utakayoambiwa nenosiri si sahihi, furahi, kwani umeshafika mlangoni na kilichobaki ni ufunguo tu. PostgreSQL, hiyo hifadhidata yako, hukaa kwenye poti 5432. Hiyo 3306 uliyoandika ni ya MySQL, hifadhidata nyingine, nadhani ni mazoea ya mkono. Ukishairekebisha, tazama mpangilio unaoitwa listen_addresses. Ukiachwa ulivyo, PostgreSQL husikiliza programu zilizo kwenye kompyuta ileile tu, na yako iko kwenye nyingine. Ubadilishe, uiruhusu anwani yako katika pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuingia, kisha uwashe seva upya. Watu wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili.

Halafu, katika msimbo ulionitumia nenosiri limekaa wazi mstari wa nne. Nimelisoma. Libadilishe leo, na jipya uliweke nje ya msimbo, programu ilisome inapoanza.

Kuhusu zile data ulizosema ziliyeyuka ulipokuwa unafanyia majaribio kwenye kompyuta ya hifadhidata yenyewe: hazikuyeyuka, hukuzithibitisha, yaani hukuiambia hifadhidata izihifadhi kabisa. Mimi nilitoka kwenye lugha ya Java, ambako JDBC, njia yake ya kuongea na hifadhidata, huthibitisha kila amri yenyewe usipoiambia vinginevyo. Nilipohamia Python nikaingiza safu zangu, sikuona kosa lolote, nikafungua jedwali nikakuta tupu. Nikailaumu diski asubuhi nzima. Kumbe viendeshi vya Python, yaani vile vinavyoiunganisha na hifadhidata, vikifuata kanuni zake za PEP 249 hukufungulia vyenyewe muamala, fungu la amri linalosubiri uthibitisho, na ukifunga muunganisho kabla ya kuita commit, amri ya kuthibitisha, yote uliyoandika hurudishwa nyuma kana kwamba hukuwahi kuyaandika.

Lakini hayo ni ya siku moja. Lililonitoa jasho ni jingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana nimeona msimbo wako unaelekea kulekule.

Nilikuwa na programu ya Java iliyofanya kazi vizuri tangu asubuhi, ikifika mchana inagoma. Hifadhidata inasema nafasi zilizobaki zimewekewa msimamizi. Naizima programu, naiwasha, mambo shwari. Kesho yake, mchana, yaleyale. Nikaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaohitaji teke ndipo ufunguke. Siku moja ndipo nikaingia PostgreSQL kwa akaunti ya msimamizi, nikasoma pg_stat_activity, mahali inapoorodhesha kila aliyeunganishwa. Nikahesabu miunganisho ya programu yangu: 97. Karibu yote imekaa bure, haiulizi kitu.

Kwa nini 97? PostgreSQL kwa kawaida huruhusu miunganisho 100, na 3 kati yake huwekewa msimamizi, ili seva ikijaa yeye bado apate pa kuingilia. Hizo tatu ndizo zilizoniokoa. Idadi yenyewe si uchoyo: kila muunganisho huanzishiwa mchakato wake upande wa seva, wenye kumbukumbu yake, hata kama aliyeufungua amekwenda zake.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naufunga muunganisho mwishoni mwa kazi, na ulizo, yaani swali kwa hifadhidata, likishindwa katikati, programu ilirukia kwenye kushughulikia hitilafu bila kupita pale mwisho. Kila hitilafu ikaacha muunganisho mmoja umening'inia. Java hufagia vilivyotelekezwa, kweli, lakini hufagia kumbukumbu inapoanza kubana, na yangu ilikuwa na nafasi tele. Nikarudi nikaandika kila mahali ule mtindo wa try uliokuja na Java 7, ambao hufunga kilichofunguliwa, kazi ifaulu isifaulu. Kisha nikaweka akiba ya miunganisho 10 iliyokwisha kufunguliwa, kila kazi iazime na kurudisha. Nilidhani kumi itakuwa haba. Ulizo langu la kawaida halikumaliza hata sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ilitosha na kubaki.

Wewe kwa Python una mtego wako. Ukitumia psycopg2, kiendeshi cha PostgreSQL, na kuandika with juu ya muunganisho, ukitoka humo muamala ndio umekwisha. Muunganisho wenyewe bado uko wazi. Nilikuona umeandika hivyo mara nne. Weka close yako mahali ambapo hata hitilafu haiwezi kuiruka.

Jambo dogo kabla sijafunga. Unaliunda ulizo kwa kuunganisha maneno ya mtumiaji na alama za nukuu. Jaribu kuingiza neno ng'ombe. Ile alama iliyo katikati ya neno itaonekana ndiyo mwisho wa maandishi, na seva italalamika. Mwenye nia mbaya ataandika baada yake amri yake mwenyewe. Tuma ulizo peke yake na thamani peke yake, kiendeshi kina njia ya kufanya hivyo.

Anza na poti. Ukikwama tena niandikie, ila unakili ujumbe wa seva neno kwa neno kama ulivyo. Usinisimulie.

Ni mimi rafiki yako.